Ndama wa dhahabu hakutengenezwa na wasioamini

Ukikulia Scarborough au Rexdale kwenye nyumba ya watu wa kwetu, hii umeshaisikia: "Nyie watoto wa huku mmepotea kama wana wa Israeli." Mama anaisema usipoenda kanisani. Kwa wengine ni baba, ukikosa swala ya Ijumaa. Linafuata neno moja kuhusu ndama wa dhahabu, na mazungumzo yanaisha hapo.

Sawa. Tuisome basi hiyo hadithi, yote.

Kutoka 32. Watu wametoka Misri juzi tu. Wako jangwani, kwao hawarudi, na wanakoenda hawakujui. (Wahamiaji, mnanisikia?) Musa amepanda mlimani siku 40, kimya. Hofu inawaingia. Wanamwambia Haruni awatengenezee mungu wa kuwaongoza. Anachukua hereni zao za dhahabu, anatengeneza ndama, kisha anatangaza kwamba kesho ni sikukuu ya Bwana. Ya Bwana, jamani! Wale watu hawakudhani wameacha imani. Walidhani wako ibadani.

Waislamu wanacho kisa hiki pia, Sura ya Taha. Humo ndama anatengenezwa na Samiri, na Harun anajaribu kuwakataza. Lakini kote kuwili, mambo yanaharibika Musa akiwa hayupo.

Baadaye mfalme Yeroboamu akaweka ndama wawili, mmoja Betheli, mwingine Dani. Kwa nini? Aliogopa watu wakienda kuabudu Yerusalemu, mioyo yao ingerudi kwa mfalme wa kule. Hofu tena.

Kwa hiyo mimi naona hivi: sanamu haianzi na kiburi cha vijana. Inaanza na hofu, na maswali yasiyo na mtu wa kuyajibu.

Sensa ya Canada ya 2021 inaonyesha asilimia 34.6 ya watu hawana dini. Mwaka 2001 walikuwa asilimia 16.5. Wazazi wanaona shule na simu ndizo zimetuharibu. Labda kidogo. Lakini kumbukeni na haya: wengi wetu tulipouliza kwa nini watu wanauawa Kivu na kila Jumapili wanasali, tuliambiwa, "Usiulize hivyo." Tulipouliza kuhusu chuo kikuu, tulikalishwa chini saa nzima. Mtoto si mjinga. Anaona kitu gani kinapewa muda nyumbani, na anajua hicho ndicho kinachoabudiwa.

Siwalaumu wazazi. Mtu anayefanya shifti za usiku, analipa kodi ya nyumba Toronto na bado anatuma hela nyumbani, ana haki ya kuogopa. Digrii ya mtoto na kiwanja Kigamboni vinashikika mkononi. Mungu hashikiki. Ndiyo maana hereni zinakwenda huko.

Nasi tuliotoka tusijisifu. Kuacha kanisa au msikiti si kuacha sanamu. Angalia tu unashika nini kwanza ukiamka.

Ombi langu ni dogo. Wazazi, msitutupie ndama. Shukeni mlimani, mkae nasi, mtujibu, hata kama jibu ni "sijui, mwanangu, nami naliuliza." Na wewe kijana, wiki hii uliza lile swali uliloambiwa usiulize. Uliza kwa adabu, kwa Kiswahili ulichonacho, hata kikiwa cha kuungaunga. Halafu subiri jibu.