Alisema Saudia itashinda, ikashinda. Je, alijua?

Jumanne ya Novemba 22, 2022, saa saba mchana, tulikuwa tumejazana ndani ya kibanda cha chakula hapa Nairobi, macho yote kwa televisheni ndogo iliyowekwa juu ya friji ya soda. Kombe la Dunia, Argentina dhidi ya Saudi Arabia. Argentina walikuwa wamecheza mechi 36 bila kushindwa. Kila aliyebeti pale ndani alikuwa amewapa Argentina, isipokuwa jamaa mmoja ambaye nitamwita Profesa, kwa sababu baada ya siku hiyo ndivyo mtaa ulivyomwita.

Profesa alikuwa ameweka soo mbili kwa Saudia. Ukimuuliza kwa nini, alitoa simu akakuonyesha ujumbe wa WhatsApp uliotumwa na kutumwa tena hadi hakuna aliyejua ulianzia wapi. Messi ameumia mguu, leo hachezi, kocha anaficha. Bila Messi, Argentina ni timu ya kawaida tu. Kwa hivyo Saudia inashinda. Hesabu imeisha.

Timu zikaingia uwanjani. Messi huyo hapo, kitambaa cha unahodha mkononi. Kibanda kizima kikamcheka Profesa. Dakika ya 10 Messi akafunga penalti, na kicheko kikazidi. Kabla ya mapumziko Argentina wakatia mpira wavuni mara tatu zaidi, na mara zote tatu ikaamuliwa kwamba wameotea. Kisha kipindi cha pili, ndani ya dakika tano, Al-Shehri akasawazisha na Al-Dawsari akapiga lile kombora ambalo hata waliochomeka walilipigia makofi. 2-1. Ikaisha hivyo.

Profesa akatoka pale na zaidi ya elfu tatu kwa simu na jina jipya. Mwenye kibanda, ambaye hakuwa amebeti chochote, akatikisa kichwa akasema, "Huyu kijana alijua."

Hilo neno ndilo limenifanya niandike leo. Alijua?

Tuangalie tulichonacho. Profesa aliamini Saudia itashinda, na hakuwa anajifanya, aliweka pesa yake. Alichoamini kikawa kweli. Alikuwa pia na sababu. Shida ni kwamba sababu yake ilikuwa uongo mtupu. Messi hakukosa mechi; alicheza, tena akafunga. Saudia walishinda kwa mambo mengine kabisa, mojawapo likiwa beki zao kupanda juu kiasi kwamba Argentina walinaswa kwenye mtego wa kuotea kila walipokimbilia nafasi. Profesa hakuwa amewaza hata nukta moja ya hayo. Alifika mahali sahihi kwa gari lisilokwenda huko.

Na hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko tunavyodhani. Kuotea ni kuwa mbele ya beki wa mwisho mpira unapopigwa. Kuotea pia ni kubahatisha, kama tulipokuwa watoto na mtu anaficha kitu kiganjani, anakuambia, "Haya, otea." Sijui nani alianza kulitumia neno hilo uwanjani, lakini linakaa sawa sawa. Bao la kuotea ni mpira uliovuka mstari kweli kabisa. Kipa amelala chini, wavu umetikisika, mashabiki wamemwaga soda. Hakuna anayebisha kwamba mpira umeingia. Ila halihesabiwi, kwa sababu ya namna ulivyofika huko.

Kuna mtu alishaliandikia jambo hili. Mwaka 1963 mwanafalsafa wa Marekani, Edmund Gettier, alichapisha makala ya kurasa tatu. Tatu tu. (Mimi nimeacha chuo na bado niliandika insha ndefu kuliko hiyo.) Kurasa hizo zimewasumbua wasomi hadi leo. Kabla yake wengi walikubali kwamba kujua kitu ni mambo matatu: ukiamini, kiwe kweli, na uwe na sababu nzuri ya kukiamini. Gettier akatoa mfano wa watu wawili wanaotafuta kazi moja, Smith na Jones. Smith ameambiwa na mkuu wa kampuni kwamba Jones ndiye atakayechukuliwa, na yeye mwenyewe amehesabu sarafu 10 mfukoni mwa Jones. Anajiambia: atakayepata kazi ana sarafu 10 mfukoni. Mwishowe anayepewa kazi ni Smith mwenyewe. Na bila kujua, yeye pia alikuwa na sarafu 10 mfukoni.

Alichoamini kilikuwa kweli, na sababu aliyokuwa nayo ungeikubali hata wewe. Lakini utasema alijua? Wengi wetu tunakataa. Sasa kama Smith, aliyeambiwa na bosi mwenyewe, hakujua, Profesa na ujumbe wake wa WhatsApp atajuaje?

Najua kuna msomaji anasema hapo, buda, tofauti iko wapi? Pesa ziliingia. Elfu tatu za kubahatisha zinanunua unga sawa na elfu tatu za kujua.

Ni swali zuri, na jibu nililipata siku nne baadaye kwa bei ya 18,000.

Hiyo ilikuwa pesa ya karo. Mama alikuwa amenitumia ile wiki, nimalizie deni nipate kufanya mtihani. Profesa kwa wakati huo alikuwa na wafuasi. Uvumi wake wa Messi ulikuwa umekufa mbele ya macho yetu Jumanne, lakini ushindi uliufufua. Sasa alisema: "Messi alicheza akiwa na jeraha, ndiyo maana walilala. Na sasa limezidi. Jumamosi Mexico wanawamaliza." Hakuna aliyemuuliza ujumbe wa kwanza ulienda wapi. Mimi, ambaye nilikuwa nimemcheka kwa sauti kuliko wote, ndiye niliyemwamini kuliko wote. Niliweka zote.

Jumamosi ya Novemba 26, saa nne usiku. Nilitazama nikiwa peke yangu chumbani, kwa simu, kwa sababu sikutaka mtu aone uso wangu nikishinda. Dakika ya 64 Messi akapiga shuti la chini kutoka nje ya boksi. Dakika ya 87 Enzo Fernández akaweka la pili. 2-0. Huyo mwenye jeraha alikimbia akipiga kelele na timu nzima nyuma yake, na baadaye mwezi wa Desemba akabeba kombe lenyewe.

Sitasema hilo pekee ndilo lililonitoa chuoni. Kulikuwa na mengine. Lakini mtihani huo sikuufanya, na simlaumu Profesa, kidole kilichobonyeza kilikuwa changu. Ninachosema ni hiki. Kama Saudia wangefungwa Jumanne, hadithi ya jeraha la Messi ingezikwa siku hiyo hiyo, na soo mbili ingekuwa ada ya bei nafuu ya kujifunza. Kilichoniumiza ni kwamba alipatia. Ukikosea, dunia inakurudisha darasani. Ukipatia kwa sababu mbovu, dunia inakupa cheti, na sababu mbovu inabaki ndani yako ikisubiri siku ya pesa kubwa.

Mwalimu wetu wa hesabu wa shule ya msingi alilijua hili vizuri. Siku moja nilirahisisha 16 juu ya 64 kwa kufuta 6 ya juu na 6 ya chini. Nikabaki na 1 juu ya 4. Jibu ni sahihi kabisa, robo. Akaniwekea kosa. Nilipolalamika, akaandika ubaoni 12 juu ya 24 akaniambia, "Haya, futa 2." Nikapata robo tena, na darasa zima likacheka kwa sababu kila mtu anajua 12 ni nusu ya 24. Wakati huo niliona ni uonevu. Leo naona kwamba alikuwa ameninyima alama nne na kuniokoa, ingawa wokovu wenyewe haukudumu hadi 2022.

Sasa nisijifanye nimemaliza kesi, kwa sababu upande wa pili una shahidi mzito, nyanya yangu wa Busia. Nyanya aliamini malaria inaletwa na baridi ya jioni. Jua likizama alitufukuza sote ndani na kufunga mlango, na mtoto aliyebaki nje alichapwa. Mbu anayeambukiza malaria huuma zaidi usiku, kwa hivyo kutuingiza ndani kulitukinga, hata kama nyanya hakuwa anamfikiria mbu hata kidogo. Na hakuwa peke yake. Neno lenyewe malaria linatokana na Kiitaliano, hewa mbaya. Kwa miaka mingi watu waliamini homa hiyo inatoka kwenye hewa inayonuka ya mabwawa, wakakausha mabwawa, na homa ikapungua. Ni mwaka 1897 tu ambapo daktari Mwingereza, Ronald Ross, akiwa India, aliona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Watu walioamini hewa mbaya waliokoa maisha. Nani atathubutu kuwaambia kazi yao haihesabiwi?

Mimi sithubutu. Plato mwenyewe alilikubali. Katika mazungumzo yake yanayoitwa Meno, Socrates anasema mtu mwenye wazo sahihi tu kuhusu njia ya kwenda Larissa atakufikisha sawa na yule anayeijua njia. Ila anaongeza kwamba mawazo ya namna hiyo hukimbia yasipofungwa, na kamba ya kuyafunga ni kuelewa kwa nini. Mtu wa kwetu angesema ni kama mbuzi. Yuko nyumbani, ni wako, maziwa unakunywa, lakini kama hukumfunga, kesho usiniulize.

Mbuzi wa nyanya alikimbia usiku wa joto. Miezi ya joto, baridi haipo, kwa hivyo kwa hesabu zake hatari pia haipo. Tulitandika mkeka uani tukalala nje, bila neti, tukihesabu nyota. Kwake hilo lilikuwa sawa na kweli kabisa. Mdogo wangu alilazwa siku tano mwaka mmoja baada ya usiku kama huo. Alipona. Na nyanya, kwa upendo wote, akamnunulia sweta.

Kuna jambo moja sitaki lipotee. Si kila kosa katika kufikiri linaua ujuzi. Juzi tulikuwa na mkutano wa familia, nikatumwa kuhesabu wageni. Nikapata 53. Shangazi akarudia kuhesabu, walikuwa 52. Nilikuwa nimemhesabu mjomba mara mbili kwa sababu hatulii. Lakini soda zilikuwa kreti nne, chupa 96. Nilipomwambia mama zinatosha, nilijua au sikujua? Nilijua. Kosa langu halikubeba chochote. Liondoe, na zinatosha bado. Sasa uondoe ujumbe wa WhatsApp kwa Profesa uone kama kuna kitu kinabaki kimesimama. Hakuna hata mguu mmoja.

Kwa hivyo siku hizi sisikilizi sana mtu amepatia mara ngapi. Hilo ni rahisi kutengeneza. Chukua namba za watu 800. Nusu watumie kwamba timu ya nyumbani haitashinda, nusu kwamba itashinda. Wale 400 uliowapatia, wagawe tena. Kisha tena. Baada ya mechi tatu una watu 100 ambao wameona ukipatia mara tatu bila kukosea, na wako tayari kukulipia ya nne. Hujui chochote kuhusu mpira. Huenda hata hujatazama mechi. Lakini kuna watu 100 watakaoapa kwamba unajua. Mimi ningekuwa wa kwanza kwenye foleni yao.

Profesa naye amehamia Telegram. Ana chaneli, ana bei ya wiki na bei ya mwezi. Mwezi uliopita alinitumia ujumbe: mechi ya Jumapili ni ya uhakika, mia mbili tu kwa sababu sisi ni watu wa mtaa mmoja. Nilimjibu kwa swali moja, "Umejuaje?"

Alikaa dakika kama kumi akiandika na kufuta. Kisha akanitumia picha ya ule mkeka wa Saudia.