KOMPYUTA ISIWE KINGA YA URASIMU VYUONI

Hakuna ubishi tena kwamba shughuli za uendeshaji katika vyuo vikuu vyetu zinaondoka kwenye majalada na kuingia katika kompyuta. Maombi ya kujiunga, usajili, ada, mikopo na matokeo ya mitihani, yote sasa hupita katika mtandao. Lakini liko swali ambalo kila mtumishi wa umma hana budi kujiuliza: je, mabadiliko hayo yameuondoa urasimu, au yameuhamisha tu kutoka dirishani na kuupeleka kwenye kioo cha kompyuta?

Si haki kuyabeza yaliyopatikana. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961 kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiofika ishirini. Karani mmoja na daftari lake aliweza kuwajua wote kwa majina. Leo wanafunzi ni maelfu kwa maelfu, na daftari haliwezi tena kazi hiyo.

Kabla ya mwaka 2010 kila chuo kilidahili peke yake, na mwombaji mmoja aliweza kushika nafasi katika vyuo viwili au vitatu huku mwenzake akikosa hata moja. Mfumo wa pamoja ulioanzishwa mwaka huo na Tume ya Vyuo Vikuu ulilikabili tatizo hilo. Maombi yalirudishwa vyuoni mwaka 2017, lakini mwombaji aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja bado hutakiwa kuthibitisha kimoja tu. Vivyo hivyo, katika mfumo wa malipo ya Serikali ulioanza mwaka 2017, kila malipo hupewa namba yake, na fedha huingia katika akaunti bila kupita mikononi mwa karani. Huo ni ulinzi mkubwa wa mali ya umma.

Hata hivyo, chombo hakimwadilishi anayekitumia. Tumfikirie mtoto wa mkulima ambaye cheti chake cha kuzaliwa kimeandikwa Mohamed, na cheti chake cha kidato cha nne kimeandikwa Mohammed. Enzi za majalada, afisa mwenye busara alivitazama vyeti vyote viwili, akamtazama na kijana aliyesimama mbele yake, kisha akaamua. Kompyuta haina busara hiyo. Hulinganisha herufi kwa herufi, na zisipolingana hukataa. Kijana huambiwa kwamba mfumo haukubali. Ofisi ya kwanza humwelekeza ya pili, na ya pili humrudisha ya kwanza. Wakati huo siku ya mwisho ya kuomba mkopo inapita, na pengine masomo yake yanapita nayo.

Hii "mfumo haukubali" ndiyo "njoo kesho" ya zama hizi, nayo ni mbaya kuliko ile ya kwanza. Aliyesema njoo kesho alijulikana kwa jina, na mkubwa wake alijulikana. Mfumo hauna jina wala cheo, wala hauwezi kuitwa kujieleza. Lakini tusidanganyane: masharti yaliyomo katika mfumo yaliamuliwa na watu, na watu hao wanalipwa mshahara na wananchi.

Chuo kinachomtaka mwanafunzi alipe ada kwa mtandao, kisha achapishe stakabadhi na kuizungusha ofisi tatu ili ipigwe mhuri, hakijabadilika. Kimeongeza tu gharama ya karatasi. Hatua isiyo na maana katika jalada haipati maana kwa kuingizwa katika kompyuta. Yapasa ifutwe kwanza.

Sheria zipo. Tunayo Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mwananchi haki ya kutaka taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe. Haki hiyo itabaki maneno matupu iwapo vyuo havitamweka afisa anayejulikana, mwenye madaraka ya kusahihisha kosa katika siku zilizowekwa. Tena, muda wa mwombaji usihesabiwe kuwa umekwisha wakati shauri lake lingali mezani kwa afisa huyo.

Walimu nao wana sehemu yao. Makosa mengi ya majina hayazaliwi chuo kikuu. Huzaliwa shuleni, siku ya kuwaandikisha watahiniwa. Mwalimu asiyelinganisha jina la mwanafunzi na cheti chake cha kuzaliwa huweka kikwazo ambacho kijana atajikwaa nacho miaka mingi baadaye. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na ifanywe mbele ya mwanafunzi mwenyewe.

Kompyuta tumezinunua kwa fedha za umma ili zimrahisishie mwananchi njia. Mtumishi anayejificha nyuma yake na aulizwe kama alivyoulizwa yule aliyejificha nyuma ya jalada.