Bembea za katuni Dodoma: mtaji usizame kama tembo

Biashara ya kuchezesha watoto imeanza kuingia Dodoma katika mazungumzo ambayo zamani yalikuwa ya mashamba ya zabibu, viwanja na vyumba vya kupangisha. Sababu yake haifichiki. Uamuzi wa TANU wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulikaa kwenye makaratasi kwa zaidi ya miaka 40. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuwa sasa inahama kwa vitendo, watumishi walikuja na familia zao. Mwaka 2018 mji ukapewa hadhi ya jiji, sensa ya 2022 ikahesabu humo wakazi zaidi ya 760,000, na tangu 2024 treni ya umeme inashusha abiria kutoka Dar es Salaam baada ya safari ya saa chache tu. Jumamosi mchana watoto wa mji huo wanataka pa kwenda. Nyerere Square na bustani ya Chinangali ya Halmashauri ya Jiji haziwezi kuwabeba wote.

Hapo ndipo mwenye mtaji mdogo anaposhawishika na mashine za kuchezea zilizopambwa kwa katuni za Kijapani. Mvuto wenyewe upo. Mtoto wa leo humjua Naruto au Goku pengine kuliko anavyomjua Sungura wa hadithi za bibi, na mabegi ya shule yenye sura hizo yamening'inia katika maduka mengi. Wazo hilo si la kipuuzi. Kasoro ni kwamba hesabu zake huanzia kwenye mashine, na mashine ndiyo kitu cha mwisho ambacho mfanyabiashara wa Dodoma anapaswa kukinunua.

Ichukuliwe, kwa mfano tu, mashine moja ya kuzungusha watoto imefika na kufungwa kwa gharama ya Sh milioni 100, na tiketi yake ni Sh 2,000. Kurudisha fedha ya manunuzi peke yake kunahitaji tiketi 50,000. Umati huja Jumamosi na Jumapili, yaani siku 104 kwa mwaka. Anayetaka kurudisha fedha hiyo katika mwaka mmoja anahitaji kukata tiketi zipatazo 480 kila siku ya mwisho wa wiki, bila kukosa hata siku moja ya mvua. Akijipa miaka mitatu, tiketi 160 kwa siku. Bado hajalipa riba ya benki, umeme, walinzi, kodi ya kiwanja na wafanyakazi watakaokaa bure Jumatatu hadi Ijumaa. Bado kipuri hakijaharibika. Kipuri kinanunuliwa kwa dola huku tiketi inauzwa kwa shilingi, na shilingi ikiyumba hakuna mzazi atakayekubali tiketi ipande kwa sababu hiyo.

Mji wenyewe nao una majira yake. Bunge la Bajeti linapokaa, Aprili hadi Juni, nyumba za wageni hujaa na fedha huonekana mitaani. Kikao kinapoahirishwa magari yanageuza njia kuelekea Dar es Salaam. Anayepiga hesabu zake mwezi Mei na kudhani mwaka mzima utakuwa hivyo atashangaa Oktoba.

Japani yenyewe, nchi inayotengeneza katuni hizo, imeshawahi kutoa somo kwa wenye mitaji. Mwaka 1961 katika mji wa Nara ilifunguliwa bustani ya burudani iitwayo Nara Dreamland, iliyojengwa kwa kuiga Disneyland ya California. Kwa miaka mingi ilifanya biashara, kwa kuwa ile ya asili ilikuwa ng'ambo ya bahari. Disneyland halisi ikafunguliwa karibu na Tokyo mwaka 1983, na Universal Studios ikafunguliwa Osaka, si mbali na Nara, mwaka 2001. Miaka mitano baadaye, 2006, Nara Dreamland ilifunga milango, ikabaki magofu ambayo watu walikuwa wakiyaingia kwa siri kuyapiga picha. Aliyeuza kivuli cha kitu cha mwenzake alikuwa na soko hadi mwenye kitu alipofika.

Tofauti na hiyo ni kampuni ya Oriental Land, inayomiliki Disneyland ya Tokyo. Kampuni hiyo si ya Disney. Ni ya Wajapani, na hisa zake zinauzwa katika soko la hisa la Tokyo tangu 1996. Hulipa mrabaha kwa Wamarekani ili kutumia majina na sura zao, na pamoja na malipo hayo imekuwa kampuni kubwa. Kilichonunuliwa pale, kabla ya chuma chochote, ni haki ya kusimulia hadithi.

Na kuna mfano ambao ungempendeza zaidi mwekezaji wa nyanda za kati. Studio Ghibli, iliyotengeneza filamu za Hayao Miyazaki, ndiyo yenye jina kubwa katika katuni za sinema za Kijapani. Filamu yake ya mwaka 2001, inayojulikana kwa Kiingereza kama Spirited Away, ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2003. Kampuni yenye jina kama hilo ingeweza kujenga mashine za kutisha kuliko zote. Bustani yake, Ghibli Park, ilipofunguliwa Novemba 2022 katika mkoa wa Aichi haikuwa na mashine kubwa hata moja. Hakuna vigari vya relini vya kupanda na kuporomoka. Kuna msitu, njia za kutembea na nyumba za kuingia. Moja ya nyumba hizo, ile ya watoto wa filamu ya My Neighbor Totoro, ilijengwa kwa ajili ya maonyesho ya kimataifa ya mwaka 2005 yaliyofanyika mahali hapo, ikabaki. Mwaka 2024 ndipo ilipoongezwa sehemu yenye farasi wa kuzunguka, wa kadiri ya watoto. Gharama za ujenzi zilibebwa na serikali ya mkoa, jambo ambalo halmashauri zetu zingefaa kulitazama, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.

Katika filamu hiyo ya Totoro, ya mwaka 1988, yumo paka mkubwa ambaye ni basi, mwenye miguu mingi na viti vya manyoya tumboni. Katika jumba la makumbusho la Ghibli lililofunguliwa Mitaka, Tokyo, mwaka 2001, paka huyo ni mdoli mkubwa tu ambaye watoto humpanda na kumrukia. Hana mota. Toyota ilikuja kutengeneza magari madogo ya umeme yenye sura yake, yakaanza kubeba wageni wa bustani ya Aichi mwaka 2024. Toyota hiyo hiyo ndiyo iliyotengeneza Coaster zilizochakaa ambazo zimelala katika gereji nyingi za Dodoma. Fundi wa kuchomelea, fundi rangi na mshona viti wanaweza kuigeuza mojawapo kuwa mnyama wa kupandwa na watoto 30 kwa mkupuo, kwa fedha ambayo haifiki hata sehemu ndogo ya bei ya mashine mpya. Likiharibika, kipuri kipo jirani.

Wapo watakaosema kuwa dunia inakwenda kwenye makubwa, na watataja Saudi Arabia. Ni kweli kwamba Machi 2024 ilitangazwa huko Qiddiya, karibu na Riyadh, bustani ya katuni ya Dragon Ball yenye eneo la zaidi ya mita za mraba 500,000, na joka la mita 70 litakalopitiwa na reli ya vigari. Wenye visima vya mafuta wana hesabu zao.

Sheria nayo haina budi kusemwa wazi, kwa sababu ndipo wengi watakapoumia. Kuchora Totoro au Goku getini bila idhini si mapambo. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1994, na Japani ni mwanachama wa siku nyingi, hivyo kazi ya msanii wa Tokyo inalindwa Dodoma kama inavyolindwa ya msanii wa Bara. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo, COSOTA ipo, na Tume ya Ushindani imekuwa ikikamata bidhaa bandia madukani. Inawezekana hakuna Mjapani atakayepanda ndege kuja kushitaki kibanda cha tiketi. Lakini kadiri biashara inavyokua ndivyo inavyoonekana, na mtu aliyewekeza miaka mitano katika sura isiyo yake hana anachoweza kukiuza, kukikodisha wala kukiweka rehani benki.

Ghibli wenyewe walijifunza thamani ya sura. Totoro haikuvunja rekodi ya tiketi ilipoonyeshwa 1988. Fedha nyingi zilikuja baadaye, mdoli wake alipoanza kuuzwa, na hadi leo sura yake ndiyo nembo ya studio. Mgeni huingia getini mara moja, lakini mdoli anaondoka naye na mdogo wake nyumbani atadai wake.

Kwa hiyo swali la kibiashara ni sura ipi itakuwa ya mwekezaji wa Dodoma mwenyewe. Ubongo Kids, katuni iliyotengenezwa Dar es Salaam na kuanza kuonyeshwa katika televisheni mwaka 2014, ina watoto wanaoijua, na mwenye haki yake anaweza kubishiwa hodi bila viza. Hadithi za wenyeji hazina hata mlango wa kubisha. Wazee wa Kigogo husimulia kuwa jina la mji limetokana na "idodomya", mahali ambapo tembo alizama katika matope akashindwa kutoka. Hakuna mji mwingine nchini wenye jina lililokuja na mhusika wake wa katuni tayari. Tembo wa saruji aliyezama hadi tumboni, mwenye ngazi mkiani na sehemu ya kuteleza kwenye mkonga, hahitaji umeme wala mrabaha. Badala ya mti mkubwa wa Totoro kuna mibuyu, na mwenye kiwanja chenye mbuyu asiukate, maana ni kivuli ambacho wenzake watahitaji miaka mingi kukipata.

Michezo ya maji ni afadhali iachiwe pwani. Dodoma hukaa miezi saba au zaidi bila mvua ya maana na maji yake mengi yanatoka katika visima vya Mzakwe. Siku bomba litakapokauka mwenye bwawa la kuteleza atabaki na shimo. Usalama nao usipunguzwe gharama, hata kwa tembo wa saruji: OSHA ikague, bima ikatwe, fundi wa kulehemu asiachiwe peke yake kuamua unene wa bomba ambalo mtoto atalishika.

Kisha kuna mzazi, anayesahauliwa katika michoro mingi. Ndiye mwenye pochi. Akipata kiti, kivuli, choo safi na sahani ya chipsi na mishikaki, atakaa saa tatu na atanunua juisi ya zabibu mara mbili. Akisimama juani, ataondoka na watoto baada ya nusu saa, mashine iwe nzuri namna gani.

Mahali pa kujaribia pako tayari. Maonyesho ya Nane Nane katika viwanja vya Nzuguni hujaza familia kwa siku kadhaa kila Agosti. Anayefikiria biashara hii akodi eneo dogo pale, apeleke Coaster moja iliyochorwa mnyama wake mwenyewe na tembo mmoja wa mbao, aweke mtu wa kuhesabu tiketi na mwingine wa kuhesabu wanaorudi mara ya pili. Kabla ya kufungua, jina na nembo viwe vimeshapelekwa BRELA, kwa sababu jirani wa kibanda cha pili naye atakuwa anahesabu.