Helmeti ya Pili Iko Wapi?

Wanachuo wenzangu, likizo hii baadhi yetu tutashuka Katesh au Mbulu Mjini na begi mgongoni, na safari iliyobaki itakuwa ya boda. Dereva atavaa helmeti. Wewe utajifunga skafu, maana baridi ya kwetu unaijua, na mtaondoka.

Likizo iliyopita ilinikuta mimi. Tulitoka Dongobesh kwenda Haydom, tairi la mbele likateleza kwenye changarawe, tukaanguka. Dereva alinyanyuka akajipangusa. Helmeti yake ilichubuka tu. Mimi nilishonwa nyuzi sita juu ya sikio. Helmeti ya pili ilikuwepo, inaning'inia kwenye usukani tangu tunaanza safari. Hakunipa, na mimi sikuomba.

Msimamo wangu ni huu: abiria alazimike kuvaa helmeti kama dereva, na asiyetaka asipakiwe. Uchambuzi wa tafiti za nchi mbalimbali uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya mwendesha pikipiki kufa ajalini kwa takriban asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kichwa cha abiria si kigumu kuliko cha dereva.

Najua mtakachosema. "Nimesuka juzi, halafu helmeti hiyo imevaliwa na kijiji kizima, si nitapata mapunye?" Hoja ya kweli kabisa. Ila inadai helmeti safi, haidai kichwa kitupu. Vaa kitambaa ndani, au changa ununue yako.

Wengine watasema trafiki watapata mradi mpya. Jamani, ukishaacha lami pale Katesh kuelekea Basotu, huyo trafiki utamwona wapi? Sheria lazima isimamiwe kijiweni, na viongozi wa bodaboda wenyewe: pikipiki isiyo na helmeti mbili isipange foleni. Kigali abiria kuvaa helmeti ni jambo la kawaida. Dereva anakukabidhi kabla hujapanda. Hawakuzaliwa hivyo, walizoeshwa.

Na sisi tusisubiri. Kabla ya kuuliza "shilingi ngapi?", uliza "helmeti yangu iko wapi?" Akikosa, mfuate wa pili. Wateja watano wakimkimbia kwa siku, kesho atakuja nazo mbili.