Usitupe Printa ya Zamani, Iongezee Memori (Lakini Soma Hapa Kwanza)

Nimekuwa kimya kwa muda, mniwie radhi. Nilikuwa nyumbani Kombewa, na badala ya kupumzika nikageuzwa fundi wa printa. Kazi yangu ni kuandika programu, lakini ukishajulikana kijijini kwamba "unafanya mambo ya kompyuta", hakuna anayejali kama ni programu, redio au waya wa stima. Unaitwa tu.

Shemeji yangu ana saiba ndogo pale sokoni, kando ya barabara inayopinda Kisian kuelekea Bondo. Ana kompyuta tatu na printa ya leza, HP LaserJet 1320, aliyoinunua ikiwa imeshatumika ofisini kwa watu. Modeli hiyo ilitoka mwaka 2004. Ni mzee wa kazi: kurasa 22 kwa dakika, na inachapisha pande zote mbili za karatasi bila kuguswa. Tangu mtaala wa umilisi uanze rasmi mwaka 2019, kila jioni kuna mzazi mlangoni anayetaka picha ya mnyama, ya mmea au ya bendera kwa kazi ya mtoto. Shilingi 10 ukurasa. Printa hiyo ndiyo inayolipa kodi ya chumba.

Ijumaa moja alasiri mwalimu akaingia na flashi. Mtihani wa mwisho wa muhula, kurasa 8, wanafunzi 60, unatakiwa Jumatatu asubuhi. Ukurasa wa tatu ulikuwa na ramani ya Ziwa Victoria iliyoskaniwa kutoka kitabuni. Printa ikachapa nusu ya ziwa, ikatema karatasi, ikawasha taa ya onyo. Ukibonyeza kitufe inamalizia nusu ya pili kwenye karatasi nyingine. Kisumu karatasi moja, Mwanza karatasi ya pili! Mwalimu akaangalia saa. Akasema kama haiwezekani atapanda matatu aende Kisumu mjini.

Shemeji akanivuta kando. "Shem, hii imezeeka. Nimeongea na akina mama wa chama, wanaweza kunikopesha ninunue mpya."

Hapo ndipo nilipokataa, na ndiyo sababu ya makala haya.

Printa ile haikuwa mgonjwa. Ilikuwa imeshiba. Printa ya leza si kama ile ya wino wa maji inayochora mstari, ikasimama, ikangoja mstari mwingine. Ngoma yake ikishaanza kuzunguka na karatasi ikishaingia, hakuna kusimama katikati. Kwa hiyo ni lazima picha ya ukurasa iwe tayari ndani ya memori ya printa, au angalau iweze kutayarishwa haraka kuliko karatasi inavyokwenda. Ikishindwa, inachapa ilichonacho na kulalamika.

Sasa tupige hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Karatasi ya A4 kwa nukta 300 kwa inchi ina nukta kama milioni 8.7. Kila nukta ni nyeusi au nyeupe, yaani biti moja, kwa hiyo unahitaji takriban megabaiti 1.1. Ukipandisha hadi nukta 600, inakuwa megabaiti 4.4. Ukienda 1200, ni megabaiti 17.4. Angalia vizuri: ukizidisha ubora mara mbili, memori inazidi mara nne, si mara mbili. LaserJet 1320 inatoka kiwandani na megabaiti 16, na humo humo inabidi ihifadhi pia fonti, faili linaloingia na kazi zake nyingine.

Jambo hili si geni. LaserJet ya kwanza kabisa ya mwaka 1984 ilikuwa na kilobaiti 128 tu. Haikuweza kubeba picha ya kujaza ukurasa mzima kwa nukta 300, ingawa maandishi ya kawaida iliyachapa vizuri. Mwaka uliofuata Apple wakatoa LaserWriter yenye megabaiti 1.5, wakati Macintosh iliyokuwa inaituma kazi ilikuwa na kilobaiti 512. Printa ilikuwa na memori nyingi kuliko kompyuta! Watu wa wakati ule walijua kwamba ukurasa una uzito. Sisi wa leo tumesahau.

Na kusahau kwetu ndiko kulikomwangusha mwalimu. Ile ramani iliskaniwa kwa rangi kamili, nukta 300 kwa inchi. Ukiifungua, ukurasa mmoja ni megabaiti 26. Megabaiti 26 za rangi, kwenda kwa printa isiyojua rangi yoyote isipokuwa nyeusi! Nikafungua kompyuta yangu, nikautoa ukurasa ule, nikaugeuza kuwa nyeusi na nyeupe tupu kwa Ghostscript, ambayo ni programu ya bure. Ukashuka hadi megabaiti moja na kidogo, yaani mara 24. Tukautuma tena. Ziwa likatoka zima, na visiwa vyake. Kurasa 480 zilikwisha kabla giza halijaingia na mwalimu hakwenda Kisumu.

Utaniuliza, basi memori ya nini, si tatizo limekwisha? Nami nilijiuliza hivyo nikiwa nanywa chai ya ushindi. Lakini Jumapili narudi Nairobi. Shemeji hajui amri za Ghostscript, na hana sababu ya kuzijua. Mteja wa kesho atakuja na flashi yake, amesimama mlangoni, bodaboda inamngoja. Dawa inayofanya kazi nikiwepo tu si dawa. Ndiyo maana nikaamua kuiongezea memori.

Hapa nikafanya kosa langu, nanyi msilirudie. Nilijua 1320 ina nafasi moja ya memori, ya pini 100, na kwamba inaweza kufika megabaiti 144 kwa jumla. Nikaagiza kipande cha pini 100 Nairobi, shilingi 1,200 na nauli ya parseli. Kikafika, kikagoma kuingia. Kumbe vipande vya pini 100 viko vya SDRAM na vya DDR, na mkato wa mmoja si wa mwingine. Muuzaji alinipa nilichoomba; mimi ndiye niliyeomba nusu ya jina. Cha pili nilikipata Kisumu kwa fundi mwenye mlima wa printa zilizokufa. Megabaiti 64, shilingi 700, kimetolewa kwenye maiti ya printa ya ofisi. Hizo maiti ni mgodi, jamani. Printa hufa kwa rola, kwa gia, kwa kifaa cha kuchoma wino. Memori yake mara nyingi huwa nzima.

Kwa anayetaka kufanya vivyo hivyo, huu ndio utaratibu wangu:

1. Chapisha ukurasa wa taarifa za printa kwanza. Kwenye 1320, shikilia kitufe cha Go kama sekunde 5. Uone memori iliyopo.

2. Soma kitabu cha modeli yako, uandike aina kamili ya memori: idadi ya pini, SDRAM au DDR, na kiwango cha juu. LaserJet P2015 ya mwaka 2006, kwa mfano, inataka pini 144. Na printa nyingine hazina nafasi kabisa: LaserJet 1020 ina megabaiti 2 na hizo ndizo zitakazokuwa nazo mpaka kufa.

3. Zima, chomoa waya wa stima, ngoja kidogo. Gusa chuma kabla hujagusa memori, ili umeme wa mwilini usiiue. Fungua mfuniko wa pembeni, ingiza kipande kwa usawa mpaka vishikio vikaze. Usitumie nguvu. Kikikataa, kina sababu.

4. Washa, chapisha tena ule ukurasa wa taarifa. Yetu ilisoma 80: zile 16 za zamani na 64 mpya.

5. Hatua ambayo wengi wanaisahau: ingia kwenye mipangilio ya printa ndani ya kompyuta, useme ina memori kiasi gani. Draiva isipojua, itaendelea kuihesabu printa kama maskini.

Nisidanganye mtu. Memori haikuifanya printa iende mbio zaidi. Injini ni ya kurasa 22 kwa dakika na hapo ndipo ilipobaki. Haikuboresha weusi wa herufi. Na ile hali ya kubana wino ambayo watu huiwasha wakidhani inasaidia memori, inabana wino tu. Kilichobadilika ni kwamba kurasa nzito zinapita bila kukatika, na ukichapisha pande mbili hakuna kusitasita. Basi. Lakini kwa mwenye saiba, "haikukatika" ndiyo biashara yenyewe.

Sasa turudi kwa ule mkopo wa chama. Printa mpya ya leza niliyoiulizia ilikuwa zaidi ya shilingi 20,000. Nyingi za bei hiyo ni zile zinazoitegemea kompyuta ifanye kazi yote ya kuandaa ukurasa, kwa hiyo mzigo hauondoki, unahamia kwenye kompyuta ambayo nayo ni kuukuu. Kisha kuna wino. Katriji kubwa ya 1320 imekadiriwa kurasa 6,000, na ndogo yake 2,500. Katriji ya LaserJet P1102, iliyotoka mwaka 2010 kama printa ya bei nafuu, imekadiriwa 1,600. Shemeji angekopa ili anunue kitu kinachokula zaidi kuliko alichonacho. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao.

Sisemi kila chuma cha zamani kifugwe. Kama rola zimekwisha, karatasi zinakwama kila dakika na wino haushiki karatasini, memori haitaiokoa. Utakuwa unamnunulia maiti viatu. Jaribu kwanza ukurasa mwepesi wa maandishi matupu. Ukitoka safi na ule mzito ukakatika, tatizo ni memori au faili. Yote miwili yakitoka vibaya, tafuta fundi au tafuta nyingine.

Lakini neno langu la mwisho nalielekeza kwa waandishi wa programu wenzangu. Tunaandika programu za kuskani zinazoanza na rangi kamili hata kwa karatasi ya herufi nyeusi. Tunatengeneza faili kana kwamba kila mtu ana ofisi yenye mashine ya mwaka huu. Kisha mama wa Kombewa anaambiwa vifaa vyake vimezeeka, akope. Vifaa vyake havijazeeka. Ni sisi tuliozembea, na bili tukamtumia yeye.

Jumla niliyotumia ni shilingi 1,900 na nauli, na ningekuwa makini ingekuwa 700. Kile kipande kisichoingia bado ninacho mezani. Nakiangalia kila ninapotaka kuandika programu bila kujiuliza itaendeshwa kwenye mashine ya nani.