Mbasa mwenye mayai asiishie sufuriani

Mama wa Songea anayenunua mbasa sokoni anaujua utamu wake. Safari yake huenda haijui. Samaki huyu wa Ziwa Nyasa hupanda mito, ukiwamo Ruhuhu, kwenda kutaga. Akitegewa nyavu pale mto unapoingia ziwani, hafi peke yake. Anakufa na kizazi chake.

Mwaka 2024 Serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika, Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wazaliane. Miezi mitatu bila kutupa nyavu si mchezo kwa mwenye watoto wa kulisha. Lakini ziwa likiisha, watalishwa nini?

Basi baba anayekwenda Mbamba Bay na ndoano yake amrudishe majini samaki mchanga. Na mama sokoni asikimbilie vidogo kwa sababu ya bei. Kitoweo cha wajukuu hulindwa leo.