MAZUNGUMUZO YA JAMAA: Habari tunazosimulia nyumbani



Mutoto hafundishwi na shule peke yake. Mbele ya kujua kusoma, amekwisha kusikia pale nyumbani nani ni mutu wa maana, feza inatoka wapi, kazi gani ina heshima na gani inaleta haya. Habari hizi zinaingia polepole, zinakuwa mawazo yake. Mawazo yanakuwa mazoea, na mazoea njo tabia. Tuangalie mufano ambao sisi wa Katanga tunajua.

Karibu na mwaka 1928, Union Minière ilianza kutafuta watumishi wa kukaa muda murefu, pamoja na wake na watoto wao. Iliwapa nyumba katika kambi, posho, hospitali na shule. Gécamines, kampani ya serikali iliyotwaa nafasi yake kisha 1967, ilifuata njia ileile. Basi watu wakazoea kuita kampani baba na mama.

Habari hiyo haikukuwa uongo, maana posho ilifika kweli. Tena ilifundisha mambo mazuri: kuamka mapema, kujua kazi yako vizuri, kupeleka watoto ku masomo. Lakini chini yake kulikuwa fundisho lingine: kwamba baba ana bei ya karatasi yake ya mushahara, kwamba mama "hatumikake", na kwamba wakati wa shida tungoje, kampani itaona.

Kiisha siku zikageuka. Mwezi wa 9 mwaka 1990, sehemu ya mugodi wa Kamoto ilianguka. Shaba iliyopita tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, mwaka 1994 haikufika hata tani 50,000. Mishahara ikachelewa miezi na miezi. Mwaka 2003 watumishi zaidi ya 10,000 wakakubali kuacha kazi. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwalimu wa historia wa Lubumbashi, katika kichwa cha kitabu chake cha 2001 anawaita watu hao watoto wa shaba walioachwa na baba yao.

Shida ilikuwa moja, lakini nyumba hazikukuwa sawa. Kuko wababa waliendelea kungoja, wakaona haya kushika jembe. Na kuko wamama walioenda kuuzisha makala, unga na mboga, ao kulima kandokando ya muji. Katika nyumba nyingi sahani ya bukari ilitoka katika mikono ya yule aliyeitwa asiye na kazi. Watoto waliona hayo kwa macho yao. Je, kuna mutu aliwaelezea maana yake?

Leo habari ingine inazunguka Kolwezi, Likasi na Kipushi: kijana fulani aliingia katika shimo asubuhi, mangaribi akanunua pikipiki. Yule aliyefunikwa na udongo hatajwi sana. Sheria ya migodi ya 2002 inapatia karta ya kuchimba kwa mikono mutu mukubwa tu, hapana mutoto. Lakini muzazi akisema mbele ya mutoto, "masomo iko bule, angalia mwenzako," anamufungulia njia ya shimo yeye mwenyewe.

Tusitukane wachimbaji, wengi wanalisha jamaa zao kwa jasho. Tunasema tu: mukisimulia, musimulie yote. Pikipiki, ndiyo, na deni, na kifua kinachouma, na mazishi pia.

Tena musimulie habari ya nyumba yenu wenyewe. Nani aliamka saa kumi ya usiku kusudi feza ya masomo ipatikane? Nani alirudisha kitu cha watu hata njaa ilikuwa inauma? Mutoto akisifiwa juu ya tendo, atapenda tendo. Akisikia tunasifu vitu tu, atatafuta vitu, hata kwa njia mbaya.

Jioni hii, wakati wa kula, muulize mutoto wako: "Nani njo mutu wa maana hapa kwetu, na sababu gani?" Kiisha unyamaze, usikilize. Jibu lake litakuonyesha ni habari gani amekuwa anasikia siku zote.